Pai ya Mjane wa Wexley

Mtu mwenye haya haendi kula kwenye msiba wa mtu asiyemjua. Royce Delacourt hakuwa na tatizo hilo. Wenzake walipoamka wakaenda kiwandani, yeye aliamka akafungua gazeti ukurasa wa vifo, akanyoa ndevu, akanyoosha suruali, akaenda kumlilia mume wa mtu. Kazi hiyo ilimlisha vizuri kwa miaka mingi, tena bila mkubwa wa kumkaripia akichelewa.

Hivyo ndivyo alivyotua kwetu Wexley, Iowa, mchana mmoja wa mwezi Machi, katika Kadilaki ya rangi ya maziwa. Gari lilikuwa refu kiasi kwamba alipoliegesha mbele ya kanisa la Kilutheri, mkia ulibaki kwa Wamethodisti. Aliyekuwa akizikwa ni Harlan Lindquist, mwenye maghala ya mahindi. Baada ya kutoka kaburini watu wote waliteremka kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, kama ilivyo desturi, kula mikate ya nyama ya nguruwe na ile jeli ya kijani yenye karoti ndani ambayo haijapata kumfariji mfiwa yeyote. Royce naye akateremka, sahani mkononi na huzuni usoni.

Alimwona mjane mara moja. Bi Verna Lindquist alikuwa amesimama wima karibu na birika la kahawa, akikunja vitambaa vya mezani, macho makavu. Kwa uzoefu wa Royce, mjane asiyelia ni wa aina mbili: aliyekwisha kulia zamani, na anayengoja ruhusa ya kuanza kuishi. Wote wawili walimfaa. Akauliza mbili tatu, akaambiwa hawana watoto, na kwamba ile nyumba ya matofali yenye nguzo nyeupe, kona ya barabara ya tatu, ni yake. Royce alikuwa ameiona alipokuwa akiingia mjini. Aliitazama kama mtu anavyotazama koti lake alilolisahau kwa jirani.

Hapa inabidi tumtendee haki. Royce hakujiona mwizi. Mwizi anajua kitu si chake, ndiyo maana anakichukua akinyata. Royce aliamini, tena kwa moyo mweupe kabisa, kwamba vitu vizuri vya dunia hii viliandaliwa kwa ajili yake, ila mgawaji alikosea anwani. Alizaliwa Roy Stubbs, katika chumba cha juu ya bucha, na hilo nalo alilihesabu kuwa kosa la mtu mwingine. Mwanamke aliyempenda, kwake yeye, alikuwa karani tu anayesahihisha kosa. Nani amshukuru karani?

Akamsogelea Bi Verna, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamweleza kwa sauti ya chini jinsi marehemu alivyomkuta njiani gari limeharibika, akamsaidia hadi usiku, asidai hata ahsante wala asitake jambo hilo litajwe.

Bi Verna alimtazama kidogo. "Harlan alimsaidia mtu," alisema, "halafu asimwambie yeyote?"

"Ndivyo alivyokuwa, mama."

"Makubwa. Nimeishi naye miaka thelathini, hilo sijapata kulisikia."

Mtu mwingine angeling'amua hapo kwamba mwanamke huyu ana jicho. Royce alikuwa ameshaanza kujitazama kwenye birika la kahawa, kuona kama tai imekaa sawa.

Mapenzi ya Royce yalikuwa na ratiba kama ya treni. Kwanza maua, kila siku, na maneno: kwamba hajapata kukutana na mwanamke anayemwelewa hivi, kwamba wengine wote walikuwa mazoezi. Mji ulishangaa kidogo kuona mjane anapelekewa maua na kaburi halijaota nyasi, lakini Bi Verna aliyapokea, akayatia majini. Kabla theluji haijaisha Royce alikuwa anakula chakula cha jioni mezani kwake, na kabla ya Pasaka alikuwa anakikalia kiti cha Harlan, kile cha mwisho wa meza chenye mikono.

Kisha, kama ratiba ilivyotaka, akaanza kuuma na kupuliza. Bi Verna alikwenda mazoezi ya kwaya. Royce akanuna hadi Jumapili, kwa nini aliachwa peke yake na supu. Bi Verna hakuisifu tai mpya. Royce akasema haidhuru, ameshazoea kutothaminiwa, na akasema kwa namna ambayo nyumba nzima iliona baridi. Wajane wengine walipofika hapo walilia, wakaomba radhi, wakaanza kumpa vitu. Bi Verna hakulia. Alimletea kahawa, akakaa mbele yake na kitambaa chake cha kufuma, akasema taratibu, "Ni kweli. Mtu kama wewe anastahili zaidi ya hapa."

Royce akafura kama andazi katika mafuta. Hakujua kwamba sentensi hiyo ilikuwa na umri mkubwa mle ndani. Bi Verna aliitumia kwa Harlan tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, kila alipotaka kupumua, na ilikuwa imelainika kwa matumizi kama mpini wa jembe. Kilemba kile cha ukoka kilishonwa kwa kichwa cha marehemu. Kwa Royce kilikaa bila kupunguzwa hata kidogo.

Na kichwa chenye kilemba kinapenda kusema. Jioni moja, ili mama ajue ana bahati gani, Royce alianza kumhesabia wanawake waliotambua thamani yake mapema. Saa hii ya dhahabu ilitoka kwa bibi mmoja wa Wichita, mwenye duka la viatu. Pete hii, kwa mwingine wa mji wa Joplin. Akawataja wote kwa majina, kama jemadari anayetaja miji aliyoiteka.

"Na Kadilaki?" aliuliza Bi Verna, bila kuinua macho kwenye kufuma.

"Opal Trask, wa Tulsa. Aliniambia, Royce, gari hili lilikuwa linakungoja wewe."

Alichosema Opal Trask ni kwamba breki zinalia, na kama Royce angeweza kulipeleka gereji ya mtaa wa pili, arudi kabla chakula hakijapoa. Tangu hapo kilikuwa kimepoa sana.

"Na huyo Opal bado yuko Tulsa?"

"Atakwenda wapi? Yuko palepale analia."

"Maskini," alisema Bi Verna, akammiminia kahawa nyingine.

Mdomo uliponza kichwa, wanasema wazee, lakini kichwa kile hakikuhisi kitu. Royce alilala fofofo katika chumba chake cha kupanga, akiota nguzo nyeupe. Asubuhi iliyofuata Bi Verna alikaa kwenye simu hadi mchana, na kwa kuwa yeye si mtu wa maneno mengi, ujue kuna waliokuwa wakisema sana upande wa pili.

Mwezi wa tano ulipofika Royce aliona ni wakati wa kuvuna. Alimwambia Bi Verna kwamba mapenzi bila jina lake kwenye hati ya nyumba ni maneno matupu. Kwamba mwanamume hawezi kukaa chini ya dari ambayo si yake akabaki na heshima. Kwamba kama anampenda, atajua la kufanya. Halafu akanuna mapema, kwa tahadhari.

Bi Verna alimjibu kwamba Wexley mjane hamjibu mwanamume kwa mdomo. Jibu ni pai. Kila mwezi Mei zimamoto hufanya mnada wa pai, na mjane anapopeleka pai yake ya kwanza baada ya msiba, mji mzima huja kuona nani ataichukua. Atakayeshinda hukaa mezani na aliyeipika, wakaila pamoja mbele ya watu, na hakuna anayeuliza swali tena. Pesa haipokelewi. Ile miaka ya njaa babu zetu hawakuwa na senti, wala hawakutaka mnada uwafie mikononi, basi wakasema kila mtu atoe alicho nacho: kuku, magogo, tandiko la farasi. Tangu hapo imebaki hivyo, na mtu akitoa noti tunamcheka.

"Elmer Voss ameniambia ataigombea," aliongeza.

"Yule daktari wa ng'ombe?" Royce alisahau kununa. "Anayevaa mabuti ya mpira hadi kanisani?"

"Ana nia njema."

"Mama, unanipima mimi na Elmer?"

"Sikupimi mimi," alisema Bi Verna. "Ni mnada utakaopima."

Usingizi wa Royce ukapungua tangu siku hiyo. Nyumba ilikuwa jambo moja. Kushindwa na mtu wa mabuti ya mpira mbele ya watu lilikuwa jambo lingine kabisa.

Siku ya mnada magari ya zimamoto yalitolewa nje, ukumbi wao ukajazwa meza, na mji wote ukaja. Royce alikuja na koti lake la sufu ya ngamia ijapokuwa kulikuwa na joto, akakaa mbele, akageuza kiti kidogo ili watu wamwone kwa upande ule mzuri. Dalali alikuwa Arvid Holm, mkuu wa zimamoto na kaka yake Bi Verna, mtu ambaye siku za kawaida hasemi neno, lakini umpe nyundo ya mnada anamwaga maneno kama mvua ya mawe juu ya bati. Pai za tufaha zikaenda kwa magunia ya viazi. Ya cheri ikaenda kwa bata wawili, na mmoja akatoroka, ikabidi mnada usimame kidogo.

Ndipo Arvid akaileta ya Bi Verna. Ilikuwa ya kahawia, imepangwa kokwa za pekani duara ndani ya duara, na pembeni unga umekatwa majani madogo madogo, kila jani na mishipa yake. Wanawake wa Wexley wakatazamana. Pekani haioti kwetu, na hakuna mkono wa hapa unaokata majani vile. Hilo waliliona kwa mtupo mmoja wa jicho, wakafunga midomo. Royce hakuitazama pai. Alikuwa akiwatazama wanaomtazama.

Elmer Voss alianza na paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Royce akatoa kalamu ya dhahabu, kwa vidole viwili. Elmer akasema magogo ya kuni, yaliyopasuliwa tayari, ya msimu mzima. Royce akaivua saa, akautangazia umma kwamba imetoka Wichita. Elmer akakuna kichwa, akaahidi kuwatibu bure ndama wa zimamoto. Akakumbushwa kwamba zimamoto hawana ndama. Akasema basi ndama wa yeyote watakayemtaja. Watu wakampigia makofi.

Makofi yale yalimwingia Royce kama mchanga kwenye kiatu. Aliivuta pete, ikagoma kwenye kifundo, akakilamba kidole kwa siri, ikatoka.

Elmer alivua kofia. Akaigeuzageuza mikononi, akatazama sakafu. "Basi," alisema, "Dolly."

Dolly alikuwa farasi wake jike, na hakuna asiyejua kwamba mke wa Elmer alipofariki, ni Dolly aliyemsikiliza majira yote ya baridi. Bi mmoja wa nyuma akatoa leso. Na Bi Verna, aliyekuwa amekaa mikono mapajani muda wote, akaweka kiganja kifuani, akamtazama Elmer.

Pai Royce angeweza kuiacha. Hata nyumba, pengine, maana wajane hawaishi magazetini. Lakini mtazamo ule ulikuwa wake, umekwenda kwa mwingine mbele ya macho yake, na hakuna kitu mwilini mwake kilichojua namna ya kuvumilia hilo.

"Dolly, mara ya kwanza," aliimba Arvid. "Dolly, mara ya pili. Naona mgeni wetu amefika mwisho wa uwezo wake. Si aibu, bwana. Kila mtu na kimo chake."

Royce alisimama. Funguo ziliruka hewani kabla hajajua kama amezirusha. "Kadilaki," alisema.

Nyundo ikaanguka haraka ajabu, kisha paa likataka kuondoka. Watu waligonga meza, wakapiga miluzi, vijana wa zimamoto wakapuliza king'ora. Royce alisimama katikati, mikono imefunguka kidogo, koti limefunguka, akazungusha uso polepole ili kila mtu apate. Nami nitasema kweli: alikuwa mtu mwenye furaha. Maisha yake yote alijua kelele hii ipo mahali fulani, imecheleweshwa tu, na sasa imefika. Ukimwona vile ungeweza kumwonea huruma, na wengine walimwonea.

Meza yenye kitambaa cheupe ilikuwa tayari katikati ya ukumbi, viti viwili. Royce akaketi, akachomeka leso shingoni. Bi Verna akakata kipande kikubwa, akakiweka mbele yake, akabaki amesimama. Mji mzima ukanyoosha shingo. Royce akatia mdomoni, akafumba macho, kwa kuwa alijua anatazamwa, kisha akayafumbua kwa mshangao wa kweli.

"Verna," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "sijapata kula kitu kama hiki maishani mwangu."

"Hujapata?"

"Sijapata. Hii ni mikono ya mwanamke anayejua anampikia nani."

"Alijua sana," alisema Bi Verna. "Ila si mimi niliyeipika. Na desturi yetu unaijua, bwana. Unakaa na mpishi."

Mlango wa jiko la zimamoto ukafunguka. Akatoka mama mnene kidogo, nywele za mvi amezibana nyuma, aproni imejaa unga, akaja bila haraka, akavuta kile kiti cha pili, akaketi. Royce alibaki na uma hewani.

"Kila Jumapili, Roy," alisema Opal Trask. "Mwaka mzima. Pai hiihii, na majani hayahaya, nakata kwa kisu cha marehemu mama. Nilikuwa nangoja siku utakayosema ni tamu."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali kwa Royce kama angesema kwa hasira.

"Leo umesema," aliendelea. "Ahsante. Kula, bado ipo."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza mwenyewe. Royce alimeza, akajaribu tabasamu lile la msibani, akaanza kumweleza Bi Opal kwamba gari alikuwa njiani kulirudisha, ila breki, na gereji za Iowa anazijua mwenyewe zilivyo. Arvid akapita, akaziweka funguo kando ya kikombe cha Bi Opal. Mnadani mali ni ya zimamoto, na zimamoto walikuwa wameshaamua. Saa na pete zilikuwa tayari kwenye bahasha mbili, anwani zimeandikwa kwa mwandiko mzuri wa Bi Verna.

Royce akamgeukia yeye. Uso ulikuwa umembadilika, na kwa mara ya kwanza tuliona sura ya yule mtoto wa juu ya bucha. "Baada ya yote niliyokufanyia," alisema.

"Nimeishi na mwanamume wa aina yako miaka thelathini," alisema Bi Verna. "Nyumba yangu imeshapata mfalme mmoja, tukamzika kwa heshima zote. Siajiri mwingine." Akaenda kujimiminia kahawa.

Pai ya mnada haiachwi mezani. Hiyo nayo ni desturi. Royce aliila yote, kipande baada ya kipande, Bi Opal amekaa mbele yake mikono imekunjwa, watu wakiendelea na maongezi na kahawa kama kawaida. Elmer Voss alikwenda nje kukaa kwenye ngazi. Mpango wote alikuwa anaujua, lakini alisema baadaye kwamba alipolitaja jina la Dolly na yule bwana akachelewa kujibu, nusura alirudishe mdomoni. Bi Verna akamfuata na kikombe. Walizungumza nini sisi hatukusikia, na tulijaribu.

Basi la kwenda Des Moines huondoka saa kumi alasiri. Opal Trask alilipita njiani kwa gari lake, mkono mmoja kwenye usukani, breki zikilia kidogo. Royce hakuliona, au alijitia hamnazo. Alikuwa amekaa jirani na mama mmoja mwenye kapu, ameshalikung'uta koti, ameshanyoosha tai, na kabla Wexley haijatoweka nyuma ya mashamba alikuwa amefika katikati ya habari: kwamba amewaachia gari lake zimamoto, kwa hiari yake, maskini hawana kitu, kwamba ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi, na wanawake wawili walibaki wakimgombea.

"Kumbe wewe ni mtu mkubwa," alisema yule mama.

"Watu hawajui tu," alisema Royce.

Mama akafungua kapu, akatoa kitu kilichofungwa vizuri kwenye kitambaa, akakifungua na kumpa nusu. Royce akapokea bila kunyamaza. Akaendelea na hadithi yake, macho kwenye kioo cha dirisha ambako sura yake ilikuwa ikipita juu ya mahindi machanga, akala hadi kikaisha, asitazame ni nini.